Njia Iliyofichwa Mpinini

Shangazi yangu, dada yake baba, ana mikono midogo kama ya msichana wa shule, na kwa mikono hiyo ametengeneza mipini ya visu tangu nilipoanza kupata akili. Chuma kilikuwa kazi ya mumewe, ambaye mimi namwita Mzee na mtaa mzima unamwita Nyundo. Mzee alilifua bapa mpaka likakaa sawa, akalitia matiko, yaani akalichoma likawa jekundu kisha akalizamisha kwenye mafuta ili likaze, akalinoa, halafu akalisukuma mezani upande wa mkewe na kusema, "Haya, mvishe nguo huyu." Kuvisha nguo ndiko kutia mpini. Hapo hakuingilia tena. Alijua mipaka yake.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja chenye milango miwili. Wa mbele unatazama barabara, wa nyuma unatokea uani. Upande wa uani ndiko kuliko na tanuri na fuawe, lile pande la chuma la kufulia, na sakafu ya huko imeungua madoa madoa kama ngozi ya chui. Upande wa barabara kuna meza ya shangazi: jiriwa ya kubania, tupa za kusugulia za kila namna zimesimamishwa kwenye kopo la maziwa, keekee ya kutobolea, ya kuzungusha kwa mkono, na vipande vya msasa vilivyochakaa vikawa laini kama kitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Nilipoanza kazi sikuwa na pa kuweka mashine yangu, shangazi akaniambia, "Kibaraza kile kinakaliwa na paka tu. Mfukuze, ukae wewe." Nikakaa. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona, mengine nikiwa na pini mdomoni.

Kisu cha Mzee kilikuwa na msuka mpana. Msuka ni ule mkia wa chuma unaoendelea pale makali yanapoishia, ukaingia kwenye mpini. Wa kwake ulikuwa na umbo lile lile la mpini, na shangazi aliubana katikati ya vipande viwili vya mti, kimoja huku na kimoja huku, kama mkate unavyobana siagi. Angeweza kuchukua vipande viwili vilivyokaa kona mwaka mzima, akavigonganisha karibu na sikio, akasema, "Hawa ni ndugu," na kweli ukivitia msasa unakuta mistari ya mti imefuatana kutoka kimoja hadi kingine. Ukikishika kisu chake na kufumba macho, huwezi kusema chuma kimeishia wapi na mti umeanzia wapi.

Kitu kimoja tu hawakukubali kukitia kwenye visu vyao: tundu la kamba. Wako wateja waliolitaka, tundu la kupenya mpini kutoka ubavu hadi ubavu, karibu na kitako, wapate kupitisha kamba na kuifunga mkononi. Mzee aliwatazama kama watu waliomtukania mama. "Kamba ni ya mbuzi," aliwaambia. "Kisu kinashikwa. Kama mkono wako haushiki, usinunue kisu, nunua kijiko." Watu walicheka, wakanunua hivyo hivyo. Alikuwa na kiganja kipana kama sepetu, nani angebishana naye habari za kushika?

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akiwa katikati ya kufua. Shangazi alikuwa mezani kwake, ameipa fuawe mgongo. Anasema alisikia nyundo ikianguka sakafuni na akajua papo hapo kwamba kuna balaa, maana katika ndoa yao yote hakuwahi kuisikia ikianguka.

Madaktari walifanya kazi yao vizuri. Ulimi ulirudi kwanza, jambo ambalo shangazi alisema alilitegemea. Mguu ukafuata. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Uliweza kushika, ila kushika kwenyewe hakukuwa na uhakika: vidole vilikamata kitu vizuri kabisa, halafu bila taarifa vikafunguka, kama mtu anayesinzia katikati ya mazungumzo. Vikombe kadhaa vilivunjika ndipo shangazi akaanza kumpa chai kwenye kikombe cha bati. Hakueleza kwa nini, na Mzee hakuuliza.

Akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na mlango wa uani, akitazama tanuri lililopoa. Jirani yetu fundi mwashi, anayeitwa Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kugundua anazimwa wapi, alikuwa haachi kuja kumjulia hali. "Mzee mwenzangu! Mkono vipi? Leo naona uso una nuru. Mjomba wangu alipatwa hivi hivi, akapona, akaoa tena!" Redio ni mtu mwema sana. Lakini kila sauti yake iliposikika barabarani, nilimwona Mzee akiuchukua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuusukumiza chini ya shati, kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Siku moja aliomba ngozi. Alitaka kukata ala, ile mifuko ya ngozi ya kuvalisha visu, kazi ambayo zamani aliifanya kama mapumziko. Shangazi alifurahi hata akasahau sufuria jikoni. Mzee akailaza ngozi juu ya ubao mapajani, akashika kisu, akakata mstari wa kwanza umenyooka. Wa pili akaufikisha katikati. Vidole vikafunguka. Kisu kikatoka, kikashuka wima, kikachoma sakafu ya udongo kando kabisa ya kidole gumba cha mguu wake.

Hakikumgusa. Mzee akaikunja ile ngozi taratibu kwa mkono wa kushoto, akaisukuma chini ya kiti, na hakuitaja tena. Shangazi alikichomoa kisu, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakaa anakitazama kwa namna anavyotazama gogo kabla ya kulipasua.

Siku ya pili yake alijaribu kusema naye. "Mzee, nikikutobolea tundu mpinini, nikatia kitanzi kifupi cha kuvuka mgongo wa kiganja, vidole vikilegea kisu hakiendi popote. Kinabaki mkononi."

"Unifunge kisu?"

"Nisikufunge. Nikusaidie kushika."

"Kama mtoto anayefungiwa kitambaa cha kamasi shingoni." Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Halafu Redio aje akione mezani. Kila atakayeona lile tundu atausoma ugonjwa wangu ubavuni mwa kisu. Kisu changu mwenyewe, Mama. Mimi niliyesema miaka yote kamba ni ya mbuzi!"

Shangazi alirudi mezani akachukua msasa akaanza kusugua kitu ambacho, nilipokuja kutazama, kilikuwa kimeshasuguliwa.

Basi akaanza. Alibana kipande cha mti kwenye jiriwa akakitoboa kutoka kitakoni, mashimo mawili yaliyoegemeana, akitumaini yatakutana huko ndani gizani. Hayakukutana. Moja lilitokea ubavuni kama panya aliyepotea, la pili lilipasua mti. Akatoboa kingine, na kingine. Vipande vilivyoharibika alivitia kwenye kapu la kuni bila kuguna.

"Unatafuta nini hasa, shangazi?" nikamuuliza.

"Nataka kamba iingie kitakoni na itoke kitakoni. Ubavu usijue lolote. Akiitoa kamba, kibaki kisu tu, na mtu akikishika asione kitu."

"Kwa hiyo tundu lijifiche."

"Lijifiche kama yeye anavyouficha mkono."

Nilikuwa nashona suruali ya kulalia siku hiyo, ile ya kamba kiunoni. Nilikuwa nimeshakunja kiuno na kukipiga mshono, na sasa nilikuwa napitisha kamba kwa pini. Shangazi alikuwa anapita na kapu lake. Akasimama.

"Hiyo kamba inaingiaje humo?"

"Naisukuma na pini mpaka itokee upande wa pili."

"Najua. Nauliza hiyo njia. Umeitoboa na nini?"

"Sijaitoboa. Nimeiacha. Kabla sijafunga kitambaa naacha njia, halafu ndiyo nafunga."

Shangazi aliweka kapu chini. "Rudia."

"Naacha njia kabla sijafunga."

Akanipiga begani kwa furaha hata pini ikanichoma kidole, akaingia ndani akikaribia kukimbia, mwanamke wa umri ule, na kapu akaniachia mimi.

Mpini wake ulikuwa na vipande viwili, na vipande viwili vina upande wa ndani ambao hauonekani tena na kiumbe yeyote kisu kikishakamilika. Alivilaza chali akavichimba huko. Kwa patasi nyembamba kama ulimi wa ndege alichora mfereji unaoanzia kitakoni, unapanda kidogo, kisha unajipinda na kuzama kwenye kishimo. Kipande cha pili alikichora hivyo hivyo kwa kinyume, kama sura kwenye kioo. Katikati yao ungekaa msuka wa chuma, na chuma nacho kilihitaji tundu moja pale vishimo viwili vinapotazamana. Kamba ingeingia kitakoni kushoto, izame, ivuke chuma, iibukie kulia, irudi kitakoni. Uzito wote wa kuvuta ungebebwa na chuma. Alinieleza kwa kuchora na kidole juu ya vumbi la meza. Nilikuwa nimeishona njia ile maisha yangu yote bila kuiona.

Bapa alilolichagua lilikuwa la mwisho alilolifua Mzee kabla ya kuugua. Lilikaa kabatini uchi, limefungwa gazeti. Tatizo ni kwamba lilikuwa limeshatiwa matiko, gumu hadi mkiani. Keekee ilizunguka juu yake ikipiga kelele, ikang'arisha kidoa, basi. Ncha moja ya keekee ikaishiwa makali. Nyingine ikakatika.

Mtu aliyejua la kufanya alikuwa amekaa kwenye kiti pale pale, hatua chache tu, na tangu augue hakuwa ametamka neno moja kuhusu chuma.

"Mzee," shangazi alisema, akijifanya anatafuta kitu rafuni, "kuna mteja anataka tundu kwenye msuka."

"Mwambie akanunue kijiko."

"Nimeshamkubalia."

Nilipunguza mwendo wa cherehani ili nisikie.

"Umeshatiwa matiko?" Mzee akauliza mwishowe.

"Umetiwa."

"Basi utazungusha hiyo keekee mpaka wajukuu wazae. Mkia lazima uchomwe ulegee."

"Nikiuchoma, makali si yatalegea nayo?"

"Yatalegea akichoma mjinga." Akashika mikono ya kiti. Nilidhani anajigeuza tu. Akasimama. "Lete kopo la mchanga. Uloweshe maji. Na wewe cherehani huko, njoo uwashe moto."

Nikaacha kila kitu. Mzee aliamuru makali yazikwe kwenye mchanga uliolowa, mkia tu ubaki nje ukitazama juu, ili moto ukishuka ukutane na maji. Mimi nikazungusha kipepeo cha kupulizia tanuri, makaa yakaamka, na chumba kikapata tena ile harufu tuliyokuwa tumeisahau. Kipande cha nondo kikawekwa motoni hadi kikaiva. Mzee hakuweza kukishika, kwa hiyo shangazi ndiye aliyekibeba kwa koleo, naye Mzee akamkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto na kumwongoza.

"Gusisha mwishoni. Usikandamize. Acha chuma kinywe chenyewe."

Sijawahi kuona kitu kama kile, na nimekaa karibu na tanuri lile nusu ya maisha yangu. Nilikuwa sijawahi kutazama, ndiyo kweli yake. Rangi zilianza kutembea juu ya chuma. Kwanza ilikuja rangi ya majani makavu, ikapita taratibu kama kivuli cha wingu. Nyuma yake kahawia, halafu zambarau, na mwisho buluu, buluu ya ajabu ambayo sijawahi kuipata kwenye kitambaa chochote. Hakuna aliyezipaka. Zilitoka ndani ya chuma zenyewe, zikifuatana kama watu waliopanga foleni.

"Ngoja," Mzee alinong'ona. "Ngoja. Ipite. Ngoja... Toa!"

Shangazi akatoa. Wote wawili walikuwa wanatokwa na jasho, na hakuna aliyekumbuka kuachia mkono wa mwenzake.

Kesho yake keekee iliuma. Ilitoa nyuzi za chuma zilizojikunja kama nywele. Tundu lilipopenya, shangazi akalirefusha kwa tupa nyembamba likawa kama jicho, akazilainisha kingo zake zote. Aliniomba utepe wa kitambaa laini kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Nikampa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bi harusi mmoja. Akakipitisha kwenye tundu lile akikivuta kwenda na kurudi, na kila kilipong'ang'ania hata kidogo alirudi kwenye tupa. "Kingo zikikata hariri leo," alisema, "zitakata kamba siku nyingine, na siku hiyo mguu hautakuwa na bahati."

Umbo la mpini alilipata kwa njia ambayo mpaka leo nikiikumbuka natikisa kichwa. Daktari alikuwa ameagiza mkono ukandwe kwa mafuta kila jioni. Siku zile shangazi alimkanda kuliko alivyoagizwa, na akishamaliza alimpa kipande cha sabuni iliyolainika, akimwambia, "Minya, ni mazoezi." Mzee aliminya. Asubuhi nilikuta ile sabuni mezani kwa shangazi, ina mabonde ya vidole vitano, naye anayapima kwa uzi wangu wa kupimia.

Kisha gundi ikamgeuka. Aliunganisha vipande na chuma, akabana, gundi ikajipenyeza kwenye njia na kukauka humo. Njia ikafa. Mpini mzima, kazi ya mikono yake, aliubomoa kwa moto na nyundo ya mti, akaanza upya na vipande vingine ndugu. Nilitaka kumwambia apumzike. Nilipomwona uso, nikaona afadhali nikalete uzi.

Ulikuwa uzi mnene wa kushonea mikoba. Tuliupaka nta ya mshumaa mpaka ukawa unateleza kama samaki, tukaulaza kwenye mfereji, ukavuka tundu la chuma, ukatoka mfereji wa pili, ndipo akaunganisha. Kisha akakaa kwenye kigoda akiwa ameshika ncha mbili za uzi, akivuta kushoto, akivuta kulia, kushoto, kulia, gundi ikikauka na njia ikibaki hai. Mchana wote. Maji ya kunywa nilimnywesha mimi. Watu waliopita barabarani walimwona mama mtu mzima anavuta uzi kwenye kitako cha kipande cha mti, wakasalimia kwa heshima na kupita haraka.

Alipomaliza msasa na mafuta, aliniita ndani akafunga mlango wa mbele. Kisu kilikuwa ndani ya ala ya zamani, amekibana katikati ya magoti, kitako juu. Akafumba macho. Mkono wa kulia akauweka nyuma ya mgongo. Kwa mkono wa kushoto peke yake akachukua kamba ya ngozi, ncha yake ameikaza kwa nta, akaipapasia mdomo wa kwanza na kuisukuma. Kamba ikazama. Nikatazama kitako kile, ndani ya kibonde kidogo chenye kivuli, na nikaona ncha ya ngozi ikichungulia kutoka mdomo wa pili, peke yake, bila kuvutwa na mtu, kama mnyama anayenusa hewa kabla ya kutoka shimoni.

"Shangazi!" nikapaza sauti.

"Shh," akasema, lakini alikuwa anatabasamu macho yakiwa bado yamefumbwa.

Hakumkabidhi kwa maneno. Alikiweka kisu mezani karibu na kiti cha Mzee, ala ya zamani na kamba kando yake, ile ngozi iliyokunjwa juu, akaenda zake kuanua nguo. Mzee alikitazama mpaka nikachoka kumtazama yeye. Kisha akakishika kwa mkono wa kulia. Vidole vikakaa kila kimoja mahali pake, kama watu wanaorudi kwenye viti vyao. Uso wake ulibadilika, nami nikainama kwenye cherehani.

Kabla hajafanya lolote zaidi, Redio akaingia, naye Mzee akakirudisha kisu mezani.

"Mzee mwenzangu! Oh! Kisu kipya!" Hakusubiri kukaribishwa, hilo halimo kwenye tabia zake. Akakitwaa mezani, akajaribu makali kwa ukucha, akakigeuza ubavu huu, akakigeuza ubavu ule, akakinyoosha kuelekea mwanga. "Huu mpini hauna hata kovu. Hata riveti sioni. Mama huyu anaunganisha kwa mate au kwa uchawi? Tazama, tazama ubavu huu, kama umezaliwa hivi!" Macho ya watu hukimbilia makali, halafu ubavu. Kitako hakuna anayekitazama. Mzee alimsikiliza, na nikajua kwamba siri imekaa. Angeweza kuipokea kazi ile, akamsindikiza Redio na maneno yake, akaifunga kamba kwa faragha maisha yake yote.

"Nipe," Mzee akasema.

Akakitia kisu kwenye ala, akakibana magotini. Akachukua kamba mbele ya Redio. Mara ya kwanza ikamponyoka. Mara ya pili akaupata mdomo, akasukuma, na ncha ikachungulia upande wa pili. Akaivuta kwa meno, akaifunga fundo, akakivusha kitanzi mgongoni mwa kiganja cha kulia, akachomoa kisu. Akanyoosha mkono mbele yake, kiganja kikitazama chini, halafu akafungua vidole vyote vitano kwa makusudi.

Kisu kilibaki pale pale, kimelala kiganjani.

Redio alifungua mdomo. Akaufunga. Akakitazama kisu, akamtazama Mzee, akakiinamia kitako kile kama mtu anayechungulia kisima. Nilihesabu hili kuwa ajabu ya pili ya siku hiyo: alikaa muda wote wa kunywa chai bila kusema kitu, na alipoondoka alishika mkono wa kulia wa Mzee, ule ule, kwa mikono yake yote miwili.

Shangazi alikuwa amesimama mlango wa uani na nguo begani. Ameona yote.

"Mama," Mzee akamwita bila kugeuka. "Yule mteja wako wa tundu, amepatikana?"

"Mteja gani?"

"Mwenye kiganja kama changu." Akawa anailaza ngozi mapajani. "Nimeminya sabuni kama mwendawazimu nikijiuliza lini utamaliza."

Nguo zikamshuka shangazi begani. "Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia umemkubalia. Wewe ukubali kumtobolea mtu tundu bila kuniuliza mimi? Nikasema, huyu mteja hana budi kuwa mtu mkubwa sana."

"Na ukainuka ukanichomea msuka, huku unajua?"

"Sasa ningekuacha uharibu bapa langu?"

Shangazi alianza kucheka, halafu hakikuwa kicheko tena, halafu kikawa kicheko. Mzee naye akacheka, mabega yakimtikisika, na kisu kimelala mkononi mwake bila wasiwasi. Mimi nilikuwa na mguu juu ya kanyagio la cherehani na sikuweza kulisukuma. Wiki zote zile nilikuwa nikimstaajabia mtu mmoja. Kumbe walikuwa wawili, kila mmoja anamchimbia mwenzake njia upande ambao hauonekani.

Mzee alikata ala ile siku hiyo hiyo. Mistari yake haikunyooka kama ya zamani, lakini alimaliza. Baadaye zikaja nyingine, na Redio, ambaye hakuna siri iliyowahi kulala kwake, aliitangaza habari ile hadi mitaa ambayo hatuna ndugu. Alikuja mpishi aliyeungua vidole, akaja mshona viatu ambaye mkono humtetemeka, akaja mama mmoja mzima kabisa aliyekata shauri tu kwamba anataka kisu chenye njia ndani yake. Wote wakatengenezewa.

Mabapa yaliyobaki kabatini yalipokwisha, nilidhani kazi nayo imekwisha. Asubuhi moja nikasikia fuawe inalia, polepole, mapigo mepesi kama ya mtu anayebisha hodi. Nikachungulia. Mzee alikuwa amekalia gogo, anatazama rangi ya chuma na kutoa amri. Aliyeshika nyundo ni shangazi, kwa mikono yote miwili, kilemba kimemshukia jichoni.

"Piga hapa. Si hapo. Hapa!"

"Ukinipigia kelele nitakupiga wewe."

"Chuma kinapoa, Mama, tutagombana baadaye."

Bapa lile la kwanza la shangazi lilipinda kama mkia wa mbwa. Hawakuliuza, wala hawakulitupa. Mzee alilinoa mwenyewe, shangazi akalivisha nguo, na wakanipa mimi. Ndilo ninalokatia nyuzi mpaka leo. Linakata vizuri sana, ukiuzoea mkunjo wake.